Sanduku la Kuazima

Kabla Chunya haijapata posta, ilikuwa na vigingi. Mchimbaji aliyefika bonde la mto Lupa miaka ya 1920 alitakiwa achomeke vigingi kwenye pembe za eneo lake na aweke kibao chenye jina lake na leseni yake, ili mwingine akifika asijifanye hajui. Mimi ni karani mstaafu wa posta, nimekaa dirishani miaka mingi nikigonga muhuri, kwa hiyo msishangae nikiona barua hata pasipo na barua. Kibao kile kwangu ndicho anwani ya kwanza ya wilaya yetu. Kilimwambia mpita njia nani yuko hapa na anafanya kazi gani. Muuza nyama alijua aende kwa nani, mtafuta kibarua alijua amwone nani, na mwenye deni lake alijua pia.

Naanzia huko kwa sababu vijana wananiuliza imekuwaje mzee kama mimi nikapata wasomaji wa jarida langu la barua pepe kupitia LinkedIn, mtandao ule wa watu wa kazi. Wanadhani kuna ujanja. Jibu langu huwa refu, na wengi huaga kabla sijafika miaka ya vita. Hapa nitalisema lote.

Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na kwa miaka kadhaa ilivuta watu wachache wenye karai na sururu. Kilichojaza bonde ni shida ya dunia. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga sarafu yake na dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Bei za mkonge na kahawa zimelala, ya dhahabu inapanda: nani angebaki shambani? Wakaja Wazungu waliofilisika, wakaja Wahindi na maduka yao, wakaja vibarua kwa maelfu, Wanyakyusa, Wasafwa, Wanyiha, Wanyamwanga, na watu wa Nyasaland na Rodeshia ya Kaskazini waliokwisha kuzoea kufuata mshahara kwa miguu. Wenyeji, yaani Wakimbu na Wabungu, wakajikuta wachache katika nchi yao wenyewe.

Kijijini mtu hujitambulisha kwa ukoo. Unataja baba, unataja babu, unataja mlima au mto, na mwenyeji wako anapata pa kukuweka. Kambini ukoo haukufaa kitu, kwa kuwa aliyekuuliza hakuujua mlima wako. Hapo mtu alijitambulisha kwa kazi: mimi fundi wa matimba, mimi najua kuosha mchanga, mimi mpishi, mimi nasoma na kuandika. Nimekuwa nikisema, na wazee wenzangu wa Chunya wananikubalia, kuwa mji huu ulijifunza mapema kuliko miji mingi ya Nyanda za Juu kwamba mtu asiyekujua kabisa anaweza kukuamini, mradi umweleze waziwazi unachokifanya na atakachofaidika nacho.

Barua za Wazungu wa Lupa zilipanda ndege. Watu hawaamini nikiwaambia, lakini mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilipofungua njia ya London hadi Cape Town, ndege zake zilitua Dodoma, zikatua Mbeya, ndipo zikavuka kwenda Mpika na Broken Hill. Mbeya ilikuwa mji mchanga, uliozaliwa na dhahabu ya upande wa pili wa mlima, na tayari ulikuwa na kituo kwenye barabara ya angani ya dola kubwa kuliko zote. Gari lilitoka machimboni na barua, likapanda mlima kwenye ukungu, likateremka Mbeya, na baada ya siku kadhaa mama mmoja Uingereza akasoma kwamba mwanawe bado hajatajirika. Kisha mwaka 1937 shirika lile likaingia kwenye ndege zinazotua majini. Mbeya haina bahari wala ziwa la kutosha, kwa hiyo njia kuu ikahamia pwani. Hakuna mtu wa Mbeya aliyeulizwa. Napenda kuwasimulia hili vijana wanaojenga shughuli yao yote juu ya njia ya mtu mwingine, halafu njia ikihama wanalia kuwa wameonewa.

Barua za kibarua zilikuwa na safari nyingine. Yeye hakuwa na sanduku, na nyumba yake ilikuwa kibanda cha nyasi alichokiacha mchanga ukiisha dhahabu. Aliandikiwa na mtu anayejua kalamu, na majibu yakaja kwa kupitia mwajiri, au mwenye duka, au misheni. Kwenye bahasha ilibidi jina la mtu mwingine litangulie lake.

Waliojua kusoma walikuwa na Mambo Leo. Jarida hilo lilianza Januari 1923, likitolewa na Idara ya Elimu mjini Dar es Salaam, na likadumu hadi baada ya uhuru. Lilikuwa la serikali na lilisema ya serikali, mambo ya kilimo, usafi na kodi. Lakini walimu na makarani walilinunua kwa ajili ya kurasa zao wenyewe, zile za barua na mashairi. Humo Shaaban Robert alitoa tungo zake. Humo mshairi wa Tanga alimuuliza swali mshairi wa bara, na bara ikajibu kwa mizani na vina, miezi miwili baadaye. Mwandishi alitia jina na mji wake, basi msomaji aliyependezwa aliweza kumwandikia moja kwa moja, bila kupitia kwa mhariri tena. Urafiki mwingi wa kalamu ulianzia kwenye jarida la Mwingereza na kuendelea nje yake. Mhariri hakuwa na habari nao, na sidhani kama angejali.

Dhahabu ya juujuu iliisha. Mgodi wa Saza, uliofunguliwa mwaka 1939 na kuwa wa pili kwa uzalishaji nchini baada ya Geita, ulifungwa mwaka 1956. Chunya ikanywea. Waliobaki wakalima tumbaku, wakatega mizinga kwenye miti ya miombo, wakaendelea kukwangua mchanga wa zamani kiangazi. Baadaye wakaja wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe wao. Wilaya ilikuwa kubwa, na watu wametawanyika ndani yake hivi kwamba barua ikishafika Chunya mjini ilikuwa bado ina nusu ya safari mbele yake.

Hiyo ndiyo Chunya niliyoikuta nilipoanza kazi, enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1994 simu ikaenda kwake na posta kwake. Na hapa nitakawia kidogo, maana ndipo ninapopajua.

Sanduku la posta Tanzania si la nyumba. Liko ukutani posta, lina namba na ufunguo, na unalilipia kila mwaka. Wengi hawakuweza au hawakuona sababu. Kwa hiyo kijiji kizima kilitumia S.L.P. ya shule. Bahasha iliandikwa jina la mkulima, chini yake "kwa kupitia kwa Mwalimu Mkuu, Shule ya Msingi" ya mahali fulani, ndipo namba ya sanduku, ndipo Chunya. Mwalimu mkuu akija mjini kufuata mshahara alibeba barua za watu mia. Akizifikisha kijijini alizigawa mstarini asubuhi, mtoto wa fulani njoo, mpe baba yako.

Mwalimu mkuu wa namna hiyo alikuwa mtu mkubwa kuliko mtendaji. Alijua nani anaandikiwa na mwanawe aliyeko Kahama, nani anadaiwa na chama cha msingi, nani amepata barua yenye stempu ya nje. Wengi walikuwa waungwana. Lakini aliyekosana naye kuhusu mchango wa madawati aliweza kushangaa barua zake zinachelewa, na hakuwa na pa kushitaki, kwa sababu sanduku halikuwa lake. Palikuwa na masanduku ya parokia ambayo barua za Waislamu zilipita salama kabisa, na palikuwa na mengine ambayo padri mwenyewe aliyafunga baada ya kuchoshwa na kazi ya utarishi.

Ilitokea mkulima akauza tumbaku vizuri, akaja dirishani akataka sanduku lake. Nilimwandikia risiti, nikampa ufunguo. Wiki ile ile au inayofuata alirudi na furushi la bahasha, mwandiko mmoja, zinakwenda Mbozi, Tukuyu, Tabora, Ndola. Sikuhitaji kuzifungua kujua zimeandikwa nini ndani: anwani yangu imebadilika, kuanzia sasa niandikie hapa. Nilizigonga muhuri moja moja. Huyo alikuwa anawahamisha watu wake kutoka sanduku la mwalimu kwenda kwake, na aliyefanya hivyo mapema, wakati mwalimu angali rafiki, hakupoteza mtu. Aliyengoja mpaka wagombane alipoteza nusu. Kila ninachokifanya leo mtandaoni nilikiona kwanza kwenye furushi zile.

Jambo la pili nililojifunza dirishani ni kurasa za marafiki wa kalamu. Majarida mengi yalikuwa nazo. Unatuma jina, umri, S.L.P., na mstari mmoja wa mapendeleo yako, yanachapishwa na picha ndogo kama unayo. Vijana wa Chunya walijaza kurasa zile kuliko unavyodhani, na kwa kuwa barua zao zilipita mikononi mwangu niliona nani alijibiwa. Aliyeandika "kubadilishana mawazo, kusikiliza muziki na kwenda disko" alipata mbili tatu, kisha kimya. Kulikuwa na kijana mmoja fundi wa mizinga upande wa Lupatingatinga. Yeye aliandika kuwa anafuga nyuki, anajua kuzuia siafu, na anatafuta wafugaji wenzake wa kubadilishana mbinu. Zilimjia barua kutoka Tabora, Kibondo, hata Kitui huko Kenya. Zilimjia miaka. Alipata soko la nta kwa njia hiyo. Mstari wake haukuwa mzuri kwa maneno. Ulikuwa tu na kazi ndani yake, na aliyeusoma alijua hapo hapo kama unamhusu.

Redio nazo zilikuwa na njia yao. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, Redio Peking mwaka 1961, Deutsche Welle kutoka Köln mwaka 1963, na zote zilitaka kujua nani anasikiliza. Zilifanyaje? Ziliahidi kalenda. Andika barua, taja jina na anwani yako, tukutumie kalenda ya ukutani, beji, jarida la programu zetu. Miaka ya 1980 ungeweza kuingia nyumba ya udongo Makongolosi ukakuta mwaka unahesabiwa kwa picha za mto Rhine. Sauti ya Unabii ya Waadventista ilitoa masomo ya Biblia kwa posta, na ukimaliza unapata cheti, na nimeona vyeti vile vimewekewa fremu na watu ambao hawakuwahi kuwa Waadventista. Ulikuwa mpango wa haki. Anwani yako ilikuwa na thamani, nao wakailipia kwa kitu ulichokitaka. Wala hawakuanza kukutumia vitu ambavyo hukuviomba.

Wanasalamu wa redio walikuwa jamii ya aina yake. Ulinunua kadi, ukajaza majina ya unaowasalimu na ujumbe wako, mtangazaji akaisoma hewani. Watu walijipa majina ya mbwembwe na kwa majina hayo wakajulikana nchi nzima. Fundi cherehani mmoja wa Makongolosi alikuwa maarufu Mwanza, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Alikuwa na daftari gumu, la hesabu, ameandika humo jina la kila aliyemsalimu, sanduku lake na tarehe. Mwanasalamu akifiwa, fundi alipitia daftari akaandika barua za michango. Nilimuuliza siku moja kwa nini asitangaze tu redioni, akanijibu, "Karani, redio ni ya wenyewe." Alikuwa sahihi. Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 vituo binafsi viliota, vipindi vikahamishwa saa, vingine vikafutwa, na vikundi vilivyotegemea kipindi tu vikasambaratika. Cha fundi kiliendelea.

Zilikuwepo pia barua za mnyororo. Mtoto wa shule anapokea bahasha isiyo na jina la mtumaji: nakili barua hii mara ishirini upeleke kwa watu ishirini, ukiikata utapata balaa. Watoto walinyang'anyana stempu. Waliozipokea hawakumjua aliyeziandika na hawakuziomba, na anwani zao zilichukuliwa kwenye daftari la darasa. Tulizichukia posta, ingawa zilituletea mapato.

Intaneti ilifika Mbeya kabla ya kutufikia sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulishuka mlima hadi Mbeya, ukaenda mtaa wa Uhindini, ukalipa kwa dakika, ukasubiri ukurasa wa Yahoo ufunguke huku pesa inakwisha. Mwaka 2009 waya wa SEACOM wa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na baada yake mambo yakawa ya simu ya mkononi. Mwaka 2019 mambo mawili yalitokea Chunya kwa pamoja: lami ya Mbeya, kilomita 72, ilizinduliwa, na soko la madini likafunguliwa mjini. Mwaka ule ule Bunge lilikuwa limewafutia wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ikabaki mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Watu waliozoea kuuza dhahabu gizani kwa broka walianza kuuliza maswali mchana. Leseni inahuishwaje? Bei elekezi ya leo ni ipi? Nikiacha mashimo yangu Matundasi mwaka mzima, leseni yangu inakuwaje? Nilikuwa nimestaafu, nina muda, na nilizoea kusoma karatasi za serikali bila kusinzia. Nikaanza kuandika waraka wa barua pepe kila Jumatatu.

Mpwa wangu, mjiolojia aliyeko Dar es Salaam, ndiye aliyenifungulia LinkedIn. Mtandao ule ulianza Mei 2003, na mwaka 2016 Microsoft wakaununua kwa dola bilioni 26.2, bei ambayo mpwa wangu aliitaja kwa heshima kama anayetaja bei ya ng'ombe wa mahari. Chini ya jina lako unapewa mstari wa herufi 220 ujieleze. Mpwa alitaka niandike "mtaalamu mbobezi wa mawasiliano". Nilimkatalia, nikamkumbuka yule wa nyuki. Niliandika kwamba kila Jumatatu naeleza bei ya dhahabu na sheria za leseni kwa wachimbaji wadogo wa Chunya na Songwe. Songwe nimeitaja kwa makusudi. Mwaka 2016 tuligawanywa, Saza na Mkwajuni zikaenda mkoa mpya, lakini miamba haikugawanywa, na maswali ya mchimbaji wa Saza ni yale yale ya wa Itumbi. Chini zaidi, mahali pa kuweka unachotaka kionekane kwanza, niliweka kiungo cha kujiandikisha na waraka mmoja mzima, usomwe bure kabla mtu hajatoa anwani yake. Hiyo ndiyo kalenda yangu.

Nani alikuja? Hapa niseme ukweli ambao wauza semina hawausemi. Wachimbaji hawakuja. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, huko Itumbi hayuko LinkedIn, na sioni kwa nini awe huko. Waliokuja ni wanaoshughulika naye: maofisa mikopo wa benki, wauza pampu na karasha za kusaga mawe, wajiolojia vijana wanaotafuta kazi, watu wa mazingira wanaofuatilia zebaki, mwanasheria wa Mbeya, na watoto wa Chunya walioko Muscat na Toronto wanaotuma pesa za duara nyumbani na kutaka kujua kama wanadanganywa. Hawa wa mwisho ndio wasomaji wakali kuliko wote. Ofisa mikopo akisoma, Jumanne anamtumia mteja wake kwa WhatsApp, na mteja anausoma kijiweni kwa sauti. Kwa hiyo mchimbaji ananisikia, lakini kwa kupitia kwa mtu, kama zamani.

Vijana hunishauri niandike waraka wote humo humo LinkedIn, kwani wana huduma ya majarida na wanawaarifu wafuasi wako wenyewe. Ni kweli, na idadi inapanda haraka. Ila wafuasi wa jarida lile hawakupi anwani zao za barua pepe. Mtandao unabaki nazo. Mimi nimefanya kazi na masanduku, najua la nani ni la nani. Humo naweka kipande, swali moja na jibu lake, na chini yake naandika kwamba mengine yanakwenda kwa barua pepe siku ya Jumatatu. Anayetaka anabonyeza. Anayeniomba urafiki namjibu kwa mkono, namuuliza anafanya nini na wachimbaji, na akinieleza ndipo namwambia kuna waraka. Ni kazi ya polepole. Posta nayo ilikuwa ya polepole.

Kuna njia ya haraka, nayo ni kuchukua anwani za watu kwenye wasifu wao na kuziingiza kwenye orodha yako bila kuwaambia. Nimeletewa mpaka faili la anwani za kununua. LinkedIn wenyewe walipitia huko: walituma mialiko ya kurudiarudia kwa anwani walizozikuta kwenye vitabu vya watumiaji wao, wakashitakiwa, na mwaka 2015 wakakubali kulipa dola milioni 13. Kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na ina tume yake. Lakini hata pasingekuwa na sheria, barua isiyoombwa, yenye anwani iliyookotwa, mimi naijua. Watoto wa darasa la sita wanaijua.

Swali linalonisumbua sasa ni la wachimbaji wenyewe. Maombi ya leseni siku hizi yanafanyika mtandaoni, na mfumo unataka barua pepe. Mchimbaji hana, basi anakwenda steshenari. Kijana wa steshenari anamfungulia moja haraka haraka, au anatumia ya kwake mwenyewe kwa wateja wote, na neno la siri linabaki kichwani mwake. Leseni ndogo ina miaka saba. Steshenari ya mji wa machimbo haina miaka saba. Rashi, yaani mbio za dhahabu mpya, ikitokea mahali pengine, kijana anabeba kompyuta yake na kuondoka, na taarifa za leseni za nusu ya mtaa zinaendelea kumfuata huko aliko. Shirika la Posta lenyewe limekwisha kufika mbali zaidi ya hapo. Nambari yako ya simu inaweza kuwa sanduku lako, huduma wanayoiita Posta Kiganjani. Serikali nayo mwaka 2022 imebandika namba kwenye nyumba zetu. Ila mwenye leseni ya ekari kadhaa za dhahabu bado anaandikiwa kwa kupitia kwa mtu.

Hivyo siku za gulio nakaa kibarazani na simu yangu na daftari, na anayetaka namsaidia kufungua barua pepe ya kwake, aandike neno la siri kwa mkono wake na aondoke nalo. Alikuja mama mmoja mwenye leseni Itumbi, taarifa zake zote ziko kwa kijana aliyehamia Tunduma. Tulifungua mpya, akaenda nayo ofisi ya madini pamoja na kitambulisho chake ikabadilishwa. Aliporudi kunishukuru nilimuuliza kama nimwandikishe kwenye waraka wa Jumatatu.

"Una nini humo, baba?" akauliza.

Nikamtajia bei ya dhahabu.

"Bei ya dhahabu naisoma ukutani sokoni. Mimi nataka kujua karasha wanatoza shilingi ngapi kwa kiroba, Itumbi na Matundasi na Makongolosi, nijue pa kupeleka mawe yangu. Ukiwa nayo hiyo, niandikishe."

Sikuwa nayo. Sasa kila Ijumaa napiga simu kwa wenye karasha. Watatu wamekubali kutaja bei, mmoja anasema atataja kama nitamwahidi kutotaja ya jirani yake, na wa Makongolosi hapokei.